Piko Isiyochuja

Mpishi wa nyumba ya watu hujua mambo kabla ya wenye nyumba. Naitwa Sikujua, mtu wa Muheza, na jina hilo limewachekesha watu vya kutosha, kwa hiyo tuliache. Mwaka ule wa 2016 nilikuwa Dubai, mtaa wa Al Warqa, nikimpikia Madam Salha na mama yake, Bi Zuwena. Hao ni Wazanzibari wa zamani. Wamekaa Dubai tangu Madam hajaota meno, lakini ndani ya nyumba ni Kiunguja mwanzo mwisho, na ole wako upike wali bila nazi.

Bi Zuwena alikuwa na kisukari, na kisukari kilimletea kidonda mguuni ambacho hakikutaka kupona. Mjukuu wake, Muzna, alikuwa aolewe baada ya Idi, na bibi alikwisha kuapa kwamba ataingia ukumbini kwa miguu yake mwenyewe, si kwa kiti cha kusukumwa. Ndipo ikatafutwa kampuni ya wauguzi wanaohudumia watu majumbani. Muuguzi wa kwanza alifunga kidonda huku simu iko sikioni. Wa pili alivaa barakoa mbili na bado akageuza uso pembeni. Bibi akawatimua wote wawili, na kwa kweli aliwatimua vizuri.

Nilikuwa nakata vitunguu Madam alipoipigia simu kampuni kuomba wa tatu.

"Nataka msichana safi," alisema. "Sitaki hawa waliojichorachora na kutoboa pua. Siku hizi nawaona mpaka kwenye kliniki. Mtu anakuja kukuchoma sindano utadhani katoka jela!"

Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Kwetu chale unachanjwa na mganga kwa ugonjwa, tena mahali pa kufichika. Mtu mzima na akili zake ajichore tatuu kwa hiari, halafu anishike mkono anitafute mshipa? Hata mimi ningeuficha mkono wangu.

Kesho yake akaja Phyllis.

Alikuwa Mkenya wa Nyahururu, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kujizuia kama mtu aliye kanisani. Alimsalimu bibi kwa kuinama, akauliza bafu liko wapi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Ndiyo sheria yao: ukifunga kidonda, mikono iwe wazi, hakuna saa, hakuna bangili, hakuna mkono mrefu wa shati. Lakini mkono wake wa kulia, juu kidogo ya pale glavu inapoishia, ulikuwa na plasta kubwa iliyolowa maji na kuanza kubanduka.

Bi Zuwena akauvuta mguu wake.

"We mwanangu, una donda?"

"Hapana, Bibi. Ni kitu kidogo tu."

"Kidogo nini? Mwenye donda anifunge donda mimi? Bandua nione."

Phyllis akanitazama mimi niliyeshika beseni, kana kwamba ningeweza kumsaidia. Kisha akaibandua. Chini ya plasta kulikuwa na ua jeusi lililozungukwa na majani, limetambaa kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na katikati ya kigasha. Limechorwa vizuri, Mungu anaona. Nikajua tumekwisha, na mchuzi wangu uko jikoni unaungua.

Bi Zuwena akavaa miwani yake. Akausogeza ule mkono kwenye mwanga wa dirisha.

"Mashallah! Piko!" akapiga kelele ya furaha. "Salha! Njoo umuone msichana wa kibara kajipaka piko!"

Piko ni ile rangi nyeusi ambayo wanawake wa Pwani hujichorea pamoja na hina wakienda harusini. Bibi hakuwa na shaka hata chembe. Katika maisha yake yote, ua jeusi kwenye mkono wa mwanamke lilikuwa piko, na piko ilikuwa dalili ya mwanamke anayejipenda. Madam akaja, akatazama, uso ukalainika.

"Huyu kalelewa," alisema.

Phyllis alifungua mdomo. Bibi hakumpa nafasi. "Lakini hapa mbona kama ndege?" aliuliza, kidole juu ya ua. "Ana mdomo huyu."

"Ni jani, Bibi," Phyllis akasema kwa sauti ndogo.

"Jani lina mdomo?"

"Ni jani tu."

"Haya. Na pua umetoga, kipini kiko wapi? Mwanamke mzima unatembea na tundu tupu?"

Maskini Phyllis. Kwa ajili ya kipini hicho mama yake mzazi alimnunia miezi, naye akakivua uwanja wa ndege ili asionekane mhuni, na sasa anagombezwa kwa kutokivaa. Madam Salha alikuwa amesimama pale pale na hakusema neno juu ya kutoboa pua. Bi Zuwena mwenyewe masikio yake yametogwa kuanzia ndewe mpaka juu, yanang'aa dhahabu tupu, na binti yake hajawahi kumwambia katoka jela.

Baadaye Phyllis alikuja jikoni kunywa maji.

"Sikujua, hii si piko. Ni tatuu," alisema. "Nilichorwa nikiwa chuo. Nilikuwa kliniki moja huko Al Garhoud, mgonjwa akaiona, akakataa nimtoe damu. Akaandika malalamiko. Kampuni imeniambia, malalamiko mengine yakikuja tu, khalas, narudishwa Kenya. Sasa nifanye aje? Nimwambie?"

"Mwenzangu, kunywa maji yako," nikamwambia. "Bibi kaona piko, Madam kaona piko. Wewe ni nani uwabishie wenye nyumba?"

Basi kazi ikaendelea, na kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Phyllis aliushika ule mguu bila kukunja uso. Alikuwa akiuliza, "Hapa panauma, Bibi?" na kusubiri jibu kwa kweli. Kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni. Bibi akaanza kutembea mpaka sebuleni, kisha mpaka jikoni kwangu kuonja chumvi, jambo ambalo sikulishukuru sana. Akampenda Phyllis kiasi cha kumwekea kachori kwenye sahani akazifunika, na mimi niliyezikaanga nikaambiwa nisiguse.

Lakini hina huchuja, na piko huchuja. Wiki zinapita, kucha zimekua, ua la Phyllis liko vile vile. Bi Zuwena akaanza kulichungulia kila siku, anasugua kwa kidole gumba.

"Piko gani hii haichuji?" aliuliza. "Tangu nizaliwe sijaona. Unainunua wapi?"

"Ilikuwa huko Kenya, Bibi," Phyllis akajibu, na hapo hakusema uongo.

Laiti yangeishia hapo. Bibi alikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na kundi la WhatsApp la ukoo mzima, kutoka Malindi ya Unguja hadi Maskati. Siku moja akaupiga picha ule mkono na kutuma ujumbe wa sauti wa kujigamba: muuguzi wake ana piko ya ajabu, haitoki hata kwa sabuni, na Muzna atapakwa hiyo hiyo siku ya hina. Majibu yakamiminika. Dada yake wa Maskati akasema yeye na mabinti zake wote wanaitaka. Madam akaingia na kalenda yake.

"Phyllis, utatuletea hiyo piko kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, inshallah. Ya kutosha watu wote."

Phyllis akaja jikoni akakaa juu ya gunia la mchele.

"Nimeisha," alisema. "Woi, nimeisha kabisa."

Mimi akili yangu ni ya haraka inapokuwa shida ya mwingine. "Nenda Deira," nikamwambia. "Maduka yamejaa makopo ya rangi nyeusi. Nunua ile kali kuliko zote, bandika karatasi, sema imetoka Kenya. Watapakwa, watafurahi, ikichuja wameshapanda ndege."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Zile kali wanaweka dawa ya kupaka nywele rangi ndani," alisema. "Nimeona mikono ya watu kliniki, imevimba malengelenge, ngozi inatoka na maji. Nimpake bibi harusi hiyo? Mi ni nesi, Sikujua. Afadhali wanirudishe."

Nilikuwa nimemwonea huruma tangu mwanzo, lakini siku hiyo ndiyo nilimheshimu. Huyu msichana alikuwa na njia ya kujiokoa, ipo dukani, haina shida yoyote, na akaikataa kwa ajili ya ngozi ya mtu ambaye hata hajazungumza naye sana. Niliona aibu kwa ushauri wangu, nikamkatia kipande cha mkate wa kumimina.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nimeshika beseni langu, alimaliza kufunga bandeji, akabaki amepiga magoti chini, mguu wa bibi bado uko mikononi mwake.

"Bibi, nataka kukuambia kitu. Hii si piko. Ni tatuu. Imechorwa kwa sindano na haitatoka. Nisamehe."

Bi Zuwena akavaa miwani. Akautazama mkono kwa muda mrefu, kisha akamtazama mwenye mkono.

"Ilikuuma?"

"Sana, Bibi."

"Nani alokupa ruhusa?"

"Sikuuliza mtu."

"Lahaula." Akavuta pumzi. "Na hili jani?"

Phyllis akainamisha kichwa. "Ni ndege."

"N'lisema mimi!" Bibi akapiga paja lake. "N'lisema ana mdomo! Mnanifanya mie kipofu! Sikujua, sikusema?"

"Ulisema, Bibi."

Ile furaha ikampita, akakasirika kwa kweli. "Umenifedhehesha. N'shawambia watu mpaka Maskati! Dada yangu atan'cheka mpaka nife. Mwanamke mzima sijui piko na chale!"

Phyllis alikuwa analia bila sauti. Na hapo hapo, kama shetani kamtuma, mlango ukafunguka, akaingia Madam Salha na simu mkononi.

"Phyllis, ile piko imefika? Watu wananiuliza."

Nilitamani kuingia ndani ya beseni. Phyllis akasimama, akafuta macho, na niliona anajiandaa kusema. Bi Zuwena akamshika mkono, ule ule wenye ua, akauvuta chini.

"Piko hakuna," bibi akasema. "Nimeghairi. Hatari."

"Hatari vipi, mama? Si huyu hapa kajipaka?"

"Na hebu mtazame! Tangu amekuja imetoka? Haijatoka. Muulize kama itatoka."

Madam akamgeukia Phyllis. "Haitoki?"

"Haitoki, madam," Phyllis akasema.

"Abadan?"

"Abadan, madam."

"Alipakwa yu msichana mdogo, hana wa kumkataza," bibi akaendelea, sauti imejaa msiba. "Ikamuuma, ikaingia ndani ya ngozi, basi tena. Mchoro mpaka kaburini. Unataka Muzna awe hivo?"

Madam Salha akashika kifua. Alimsogelea Phyllis, akaugeuza ule mkono taratibu, na ni mkono ule ule, ua lile lile, ambalo lingeitwa kwa jina lake lingempandisha ndege ya kurudi Kenya.

"Maskini mwanangu," alisema. "Na watu hawakusumbui kazini? Hawadhani umejichora?"

"Wananisumbua, madam."

"Wajinga!" Madam akawaka. "Watu hawaulizi, wanahukumu tu. Ngoja."

Akapiga simu pale pale. Tulisimama sote tunasikiliza akimgombeza meneja wa kampuni: kwamba huyu ni muuguzi bora kuliko wote waliomtangulia, kwamba mkono wake una alama kwa bahati mbaya ya utotoni, na kwamba mtu yeyote atakayelalamika juu yake apewe namba ya Madam Salha binti wa Bi Zuwena. Meneja alisikika akisema yes madam, yes madam. Alipokata, Madam akamwambia Phyllis pole, akatoka kwenda kuwatangazia watu wa Maskati.

Phyllis akashika tena ule mguu, ingawa ulikwisha fungwa.

"Usin'shukuru," bibi akamwambia. "Walikuja wawili kabla yako. Mmoja hakun'tazama, mwengine alin'ona uvundo. Wewe ulin'shika. Lakini siku ya hina utakaa hapa mbele yangu, n'kupake mwenyewe hina ya kweli juu yake, ili angalau nusu ya mambo iwe haki. Na kipini uvae, unan'tia aibu na tundu hilo."

Siku ya hina nyumba ilijaa wanawake, udi na vigelegele. Bi Zuwena alitoka chumbani kwa miguu yake, akavuka sebule nzima bila fimbo, na mimi nikalia kwenye sinia la biriani bila kuona haya. Phyllis alikaa chini ya miguu yake, kipini puani, mkono wa kulia umetapakaa hina iliyochorwa na mkono wa kizee unaotetemeka. Ilikuwa mbaya, tuseme kweli. Wageni walipita mmoja mmoja kumpa pole kwa ajali yake.

Mwishoni akaja dada wa Maskati. Huyo hakutoa pole. Alivaa miwani yake, iliyo nene kuliko ya bibi, akauinamia mkono, akatazama, akatazama tena.

"Zuwena," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "mbona huyu ndege?"

Madam Salha akageuza shingo.

"Ndege wapi?" Bi Zuwena akasema, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Phyllis. "Macho yamekuchoka, dada yangu. Hilo jani."