Nane Yetu, Nane Yao

Asubuhi hiyo Begimai alisoma upepo mara tatu, na mara zote tatu akatangaza redioni kama alivyozoea kwa miaka kumi na mmoja ya kupima hali ya hewa milimani: "Ukingoni, upepo nane." Basi. Mkirgizi gani huuliza nane ya nini? Ni mita kwa sekunde, hata mchunga kondoo anajua.

Ila mashindano haya ya kuruka kwa parashuti kutoka ukingo wa mlima yalikuwa na wageni wa nchi kumi na saba. Kwenye kibonde nyuma ya ukingo, walikojikinga, hapakuwa na upepo, na Mfaransa mmoja, Loïc, alikuwa akicheka na wenzake huku akivaa kofia.

"Kilomita nane kwa saa! Huo upepo au bibi anapoza chai?"

Begimai akapiga hesabu upesi. Mita nane kwa sekunde ni karibu kilomita ishirini na tisa kwa saa. Wakitokeza tu ukingoni, watabamizwa mwambani. Na kosa ni lake, si la mtu mwingine.

Akamkimbilia msimamizi. "Kaka Almazbek, simamisha!"

"Nini tena? Wakubwa wako kule chini, maziwa ya kumisi yameshamiminwa. Si umesema nane?"

"Nane yetu si nane yao! Wao wanahesabu kilomita!"

"Dada yangu, usinitie aibu mbele ya wageni."

"Aibu nitaibeba mimi. Maiti utazibeba wewe?"

Almazbek akatazama saa yake. Filimbi ya kutangaza kwamba zimebaki dakika mbili ikalia. Loïc, wa kwanza kuruka, alikwisha kutandaza parashuti lake. Begimai akaenda moja kwa moja, akaketi katikati ya kile kitambaa na mabuti yake ya matope.

"We mama, una wazimu? Toka!"

"Sitoki ng'o."

Loïc akamshika bega amwondoe. Begimai akainua redio. "Hapa ni Begimai wa hali ya hewa. Nimekosea. Ukingoni upepo ni kilomita ishirini na tisa kwa saa. Narudia, kilomita. Asiruke mtu."

Mkono ulio begani ukalegea. Loïc akautazama ukingo, akazitazama kamba alizojifunga kifuani, kisha akaketi kando ya Begimai.

"Nifungulie hizi, mama," alisema polepole. "Vidole vyangu vimekataa."