Kiganja cha Mboje

Bariadi nzima, mwenye kirikuu hampiti mwenye kirikuu bila kumpungia. Mafuso yatapishana kama hayajuani, Noah zitapigiana honi za matusi, lakini hawa wenye vipikapu vyenye pua fupi, hata wakikutana mara ngapi kwa siku, mkono lazima utoke dirishani. Na usidhani ni salamu tupu. Mvua zikianza, mkono ule ndio habari ya njia. Kiganja kikiinuka wazi, mto unapitika, nenda. Kiganja kikilala na kupigapiga mlango, mto umejaa, geuza. Hakuna dereva wa kirikuu asiyejua hilo, na hakuna aliyewahi kulifanyia mchezo.

Malimi alifundishwa na Mboje, dereva wa kirikuu wa siku nyingi, siku ile ile aliyoleta gari lake kwa mara ya kwanza kwenye maegesho ya sokoni, bado hata kurudi nyuma hajui vizuri.

"Sikiliza, mdogo wangu," Mboje alimwambia, kamshika bega. "Fuso likikwambia mto unapitika, limesema kwa magurudumu yake. Mwenye kirikuu akikwambia, amesema kwa magurudumu yako. Mwingine usimwamini."

Basi akamwamini. Alimwamini kama mtu anavyoamini ngazi aliyoipanda jana. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, lakini ngoja kwanza niseme gari lenyewe lilitoka wapi.

Lilitoka zizini. Ng'ombe wa marehemu Limbu, baba yake, Malimi aliwapeleka mnadani wote, akabakiza jike mmoja mzee aliyekuwa wa mama. Watu wa Sapiwi, kijijini kwao, walisema mpaka wakachoka: mtoto wa kiume anauza zizi, eti ananunua bati linalokunywa mafuta! Mama yake, Nyanjige, yeye hakusema kitu, na ukimjua Nyanjige utajua kwamba kunyamaza kwake ni ugomvi kuliko kelele za wengine. Hakuligusa gari lile hata kwa kidole. Jumapili akienda kanisani, mwanawe anapunguza mwendo pembeni yake, "Panda basi, mayu," naye anatazama mbele na kuendelea kutembea kama hakuna gari. Malimi alikuwa anaumia. Jirani akikutukana unaweza kumrudishia, lakini mama akikunyamazia utamrudishia nini?

Masika yalipokaribia kwisha, mnunuzi mmoja wa pamba pale mjini akatangaza anataka kirikuu moja ya msimu mzima, ya kuzungusha mizani, maturubai na makarani kwenye vituo vya kununulia. Moja tu. Atakayewahi kufika ghalani siku ya Jumatatu na gari zima, kazi ni yake. Malimi alipopata habari hiyo, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Mboje. Angemwambia nani mwingine?

"Twende wote, kaka. Atakayepata, mwenzake atampongeza."

Mboje akatikisa kichwa. "Hiyo kazi mimi siitaki. Nina maziwa yangu ya kupeleka mjini kila asubuhi, yananitosha. Nenda wewe, mdogo wangu. Una deni na zizi."

Ona maneno matamu hayo! Malimi alirudi nyumbani anapiga mluzi, akamkuta mama yake anachambua mboga, akachuchumaa mbele yake.

"Mayu, nikipata kazi hii, msimu ukiisha nitarudisha ng'ombe zizini. Si wote. Lakini nitaanza."

Nyanjige aliendelea kuchambua mboga. Ila Jumatatu asubuhi, Malimi akiwa anafuta kioo, mama akatoka ndani kavaa gauni lake la kanisani na kitenge kipya, kuku kwapani, akafungua mlango wa gari mwenyewe na kukaa.

"Nitashuka kwa dada yangu Felisita," akasema. "Haya, endesha. Nione hao ng'ombe wa baba yako wanavyokimbia."

Malimi alitaka kucheka, akataka na kulia, akaona bora awashe gari.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana kule juu. Njia ilikuwa tope, gari linateleza huku na huku, na Nyanjige kashika dashibodi kwa mkono mmoja na kuku kwa mkono wa pili. Kirikuu ya kwanza ikaja, Malimi akapunga.

"Nani huyo?"

"Simjui jina, mayu. Ana gari kama letu."

"Humjui jina na unamsalimia? Hujamuuliza nyumbani kwake wameamkaje, mvua imewafikia, ng'ombe zao wazima? Salamu gani haina jibu?"

"Ndivyo tulivyo sisi madereva."

"Basi mna haraka ya kufa," akasema Nyanjige, na kuku akakubali kwa kulia.

Wakafika kwenye mteremko, karibu na mto. Mbele yao ikatokea kirikuu nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, inapanda kutoka mtoni. Mboje! Anatoka kupeleka maziwa, akawaza Malimi, basi mto ameshauvuka kwenda na kurudi. Moyo wake ukatulia. Wakakaribiana, mkono wa Mboje ukatoka dirishani. Ukainuka. Kiganja wazi kabisa, vidole vimetanuka, kikabaki juu hadi magari yakapishana. Na Mboje alikuwa anatabasamu.

"Huyu namjua, ni Mboje," Nyanjige akasema. "Simama tumsalimie."

"Tutachelewa, mayu. Ameshasema."

"Amesema nini? Mimi sijasikia mdomo."

"Mkono wake umesema mto unapitika."

Pale mtoni lipo daraja mfuto, lile la zege ambalo maji yakizidi yanapita juu yake. Malimi akakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi, zege halionekani. Akasita. Mguu wake ulikuwa umeshakanyaga breki. Macho yake yalimwambia geuza, kiganja cha Mboje kilimwambia nenda, naye akaona aibu kumdharau mtu aliyemfundisha kazi. Akaingia.

Katikati ya daraja injini ikakohoa, ikanywa maji, ikazima. Maji yakaingia chini ya milango, yakapanda miguuni, yakafika magotini. Gari likaanza kusogea kidogokidogo kuelekea ukingoni mwa zege. Nyanjige hakupiga kelele. Alimwinua kuku juu ya kichwa na kuanza kusali kwa Kisukuma, na Malimi akamkumbatia mama yake, akashika usukani kwa mkono mmoja kana kwamba usukani ungesaidia kitu. Wazo lake lilikuwa moja tu: nimemuua mama yangu siku aliyonisamehe.

Aliyewaokoa ni Jilala, mkulima mwenye shamba kando ya mto, aliyekuwa anapeleka maksai wake kulima. Alijifunga kamba kiunoni, akaingia majini na mnyororo wa plau, akaufunga nyuma ya gari, akawachapa maksai. Wale ng'ombe wakavuta kirikuu ile ikarudi nyuma hadi nchi kavu, maji yakimwagika kila upande.

"Wabeja, baba," Nyanjige akamshukuru Jilala, meno yanagongana. Kisha akawatazama maksai, akalitazama gari.

Jilala alikuwa anakunja mnyororo huku anamshangaa Malimi. "Lakini wewe kijana una wazimu? Mwenzako wa kirikuu ya mstari mwekundu kafika hapa sasa hivi, madebe yake ya maziwa yamejaa. Kashuka, kachovya fimbo, kaona kina, kageuza. Akaniuliza kama ile njia ya mzunguko, ya darajani kule juu, bado inapitika. Nikamwambia inapitika. Hamkukutana?"

Malimi akainama. Alama za matairi zilikuwepo palepale kwenye tope, mbichi: zimekuja hadi kwenye maji, zimekata kona, zimerudi. Hazikuvuka.

"Tulikutana," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Malimi alikuwa anausikia msemo huo tangu utotoni bila kujua unavyouma. Mboje alizunguka njia ya juu, akafika ghalani kabla ya saa sita, na gari zima. Kazi ikawa yake.

Wiki ile Malimi alikwenda maegeshoni kwa miguu. Akamkuta Mboje ameegemea gari, anakula karanga na madereva wenzake.

"Mboje, mama yangu alikuwa ndani ya gari."

"Sikumwona," Mboje akasema, akatazama pembeni. "Haki ya Mungu sikumwona."

"Kwa hiyo ningekuwa peke yangu ingekuwa sawa?"

Mboje akatupa maganda. "Ningekwambia ukweli, tungezunguka wote, na gari lako ni zima kuliko langu. Kazi ilikuwa moja, Malimi. Nilijua ukiyaona maji utageuza mwenyewe, utachelewa tu. Nani alikwambia uingie?"

"Wewe!"

Madereva wakaangalia chini. Mmoja akasema, "Biashara hiyo, ndugu yangu, yaishe." Wengine wakaitikia. Na jioni hiyohiyo Malimi akawaona kwa macho yake wanapishana na Mboje barabarani, mikono inatoka, mikono inapungwa, kama kawaida. Hilo lilimuuma kuliko maji ya mtoni. Kwamba mtu avunje kitu kinachowalinda wote, na wote waendelee kumchekea!

Injini ilitaka kufumuliwa yote. Gari likakaa juu ya mawe kwa fundi Kasmiri msimu wote wa pamba, Mboje akipita na makarani wake. Mwisho Nyanjige mwenyewe akamfungua yule jike mzee, akampeleka mnadani, akarudi na kamba mkononi.

"Tengeneza bati lako," akasema. "Zizi sasa limefagiliwa."

Malimi alilia siku ile, mtu mzima na ndevu zake.

Vuli zilipoanza alikuwa barabarani tena, ila mkono wake ulibaki ndani ya gari. Wakimpungia haoni. Siku moja alikuwa na mama yake, wanakwenda kwa Felisita. Walipofika mtoni Malimi alishuka, akachovya fimbo, ikazama karibu yote. Akageuza. Wakiwa wanapanda mteremko, kirikuu nyeupe yenye mstari mwekundu ikatokea juu, inashuka mbio.

Nyanjige akamtazama mwanawe.

Ingekuwa rahisi mno. Kuinua kiganja tu. Hata kukaa kimya kungetosha. Malimi aliuma meno, machozi ya hasira yakamlenga, kisha mkono wake ukatoka dirishani, ukalala, ukapiga mlango: geuza, geuza, geuza.

Mboje akaona. Akacheka. Akatingisha kidole, kama kusema wewe mjanja lakini mimi mkubwa wako, akaongeza mwendo.

Malimi akafunga breki, akaruka nje, akakimbia nyuma yake kwenye tope. "Mboje! Mto umejaa! Haki ya Mungu nakwambia, umejaa!"

Mkono wa Mboje ukatoka dirishani, ukampungia kwaheri, gari likapotea kwenye kona.

Malimi akabaki amesimama katikati ya barabara. Ule ukweli aliomtolea kwa shida vile, Mboje alikuwa ameshauharibu siku nyingi, kwa kiganja chake mwenyewe.

Nyuma yake mlango wa gari ukafunguka, mama yake akashuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Umemwambia kwa mkono, umemwambia na kwa mdomo," Nyanjige akasema. "Sasa washa gari. Tumfuate Jilala na ng'ombe wake."