Mayai ya Asubuhi ya Kipimo

Mashine ya kuzungusha damu iliponyamaza, mtafiti alitoa kichupa cha damu ya kaka yake, akakiinua kwenye mwanga. Juu, mahali pa maji ya manjano, palikuwa peupe pazito kama mchuzi uliolala. Hiyo ni damu ya mtu aliyeshiba mafuta. Na kaka alikuwa ameapa kwamba tangu jana hajatia kitu mdomoni!

Seli za ini zikiumia, hutema vifuko vidogo mno kwenye damu, na vingine huenda kuchochea uvimbe kwa seli jirani. Mlevi akirudia chupa, vifuko hufurika. Lakini chembe za mafuta ya chakula zinakaribiana navyo kwa ukubwa. Zikijaa, mashine ya kuvihesabu vifuko huchanganyikiwa na kipimo hutupwa. Hayo kaka aliyasikia mezani kwake, kwa mdomo wa mtafiti mwenyewe.

Na wiki ijayo binti yake kaka angepasuliwa, ampe baba yake kipande cha ini. Sharti lilikuwa moja tu: mgonjwa awe ameacha pombe, na kipimo hiki ndicho cha kuthibitisha.

Mtafiti aliwakuta baba na binti kwenye benchi la ukumbini. Kaka alikuwa anatafuna peremende, lakini pombe ilinuka hata kwa aliyesimama mbali. Binti alikuwa amemshika bega.

"Kaka, umekula nini?"

"Mimi? Hata maji!"

Binti akashangaa. "Baba, si uliniambia shangazi anataka ushibe mafuta ndipo kipimo kisome? Nimekukaangia mayai mwenyewe."

Mtafiti alitamani kutema mate. Mwanamume mzima, kumtumia mwanawe jikoni kuharibu kipimo, ili akatwe ini bila pombe kugunduliwa!

"Usile kitu tena, tutatoa damu upya kesho," alisema. "Na leo unalala wodini, chini ya macho yangu."

"Ya nini yote hayo, mdogo wangu?" Kaka alishusha mkono wa shati, akacheua. "Nimeonja kidogo tu, mambo ya wanaume. Na ini si linaota? Huyu bado kijana. Wakimkata, litaota lingine."

Binti aliondoa mkono begani mwa baba yake, akaufuta kwenye sketi.

"Shangazi," alisema, "waambie madaktari mimi sikatwi."