Kulabu ya Tatu

Palupi hakuwa mtu wa kusema hapana. Alizaliwa kisiwani Jawa akalelewa Jawa, na kwao mtu akikataa jambo husema "bado, Pak", yaani bado mzee, halafu wote wawili wananyamaza huku wakijua kwamba jambo hilo halitafanyika mpaka kiama. Ndiyo maana siku alipomtazama bosi wake usoni na kumwambia hapana, tena mara mbili, Pak Darsono alimuuliza kama anaumwa.

Siku hiyo walikuwa wawili tu katika ofisi yao ya Semarang, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kampuni ilikuwa inatengeneza seva ya kutunzia faili za wagonjwa wa zahanati zote za wilaya. Seva waliiandika wenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust, na kazi ya Palupi ilikuwa kuitilia kulabu. Kulabu ni kipande cha programu kinachokaa njiani. Kila ombi la kusoma faili linanaswa hapo kwanza, linahojiwa, ndipo linaachwa lipite au linarudishwa lilikotoka. Palupi aliweka tatu. Ya kwanza ilidai jina na namba ya simu ya anayesoma. Ya pili ilidai sababu. Ya tatu ilimtumia mgonjwa ujumbe wa simu: fulani amesoma faili lako, sababu aliyotoa ni hii, namba yake ni hii.

"Mbili za kwanza sina neno," Pak Darsono alisema. "Ya tatu itoe. Na uache mlango wa pembeni, watu wa makao makuu ya idara ya afya wapite bila kuulizwa."

"Hapana, Pak."

"Mbak Palupi," alimwita, yaani Dada Palupi, "hebu fikiri. Utamuuliza mkuu wa idara jina lake? Mtu ana picha yake ukutani!"

"Hata kichochoroni kwetu pana bango, kila mgeni aripoti kwa mwenyekiti."

"Na mgeni wa mwenyekiti mwenyewe, anaripoti kwa nani?" Akacheka, akajipigia goti. "Mwenye nguvu mpishe. Toa hiyo kulabu, tuonyeshe kazi Alhamisi, mkataba utiwe saini, kila mtu ale."

"Hapana, Pak," alisema tena.

Hapo ndipo alipoulizwa kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa na hasira ya mwaka mzima, na hasira yenyewe nusu yake ilikuwa juu ya nafsi yake.

Palupi alikuwa amepanga chumba kwa Bu Sumirah, mama muuza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, kwa miaka sita. Mwaka uliopita Bu Sumirah alipata kifua kikuu. Akameza vidonge miezi sita bila kuruka hata siku moja, akapimwa, akapewa barua ya daktari kwamba amepona. Lakini katika mwezi wa pili, kabla hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja, soko zima lilikuwa limeshajua. Wateja wa miaka ishirini walipita mbele ya meza yake wameziba midomo kwa leso. Mmoja alisimama kumpigia methali, eti mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba vidonge vile alikuwa anawapa kuku. Siku hizi tempe yake inauzwa mji wa pili na binamu yake, naye haruhusiwi kusema ni mkono wa nani.

Palupi alikwenda kuchungulia katika mfumo wa zamani, ambao nao ulikuwa kazi ya kampuni yao, ni nani aliyesoma faili la Bu Sumirah. Akakuta neno moja: makao makuu. Akaunti moja, watu arobaini, neno la siri limebandikwa ukutani pembeni ya kalenda. Na mlango ule wa pembeni aliuacha yeye mwenyewe, miaka mitatu nyuma, alipoambiwa auache naye akajibu, "Sawa, Pak."

Alimwambia Bu Sumirah asubuhi moja jikoni, wakifunga tempe kwenye majani ya mgomba. Alimweleza yote, hakujitetea. Yule mama hakuinua kichwa. Alimaliza kifurushi alichokuwa nacho, akakichoma kijiti, akachukua jani jingine.

"Basi ufunge, Nduk," alisema, kwa jina hilo ambalo akina mama wa Jawa huwaita mabinti zao. "Uliuacha wazi wewe, nenda ukaufunge wewe."

Sasa Pak Darsono naye si mtu wa kugombana. Alipoona Palupi amekaza shingo, alimwita Tigor, fundi mwingine, Mbatak kutoka Sumatra mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akamwambia aing'oe kulabu ya tatu na kutoboa mlango wa pembeni. Tigor akavuta kiti, akaagiza chai ya barafu, akaing'oa. Kisha akajaribu kuijenga programu upya.

Rust ina mkaguzi wake ambaye hajui cheo cha mtu. Ukiandika kitu kisicho na mkono wala mguu, programu haijengwi, utapewa orodha ya makosa. Na Palupi alikuwa ameshona kazi yake kwa makusudi. Rafu za faili hazikupokea ombi lolote ila lenye mihuri mitatu, na mhuri haukutoka popote ila ndani ya kulabu. Ukiitoa kulabu, kila sehemu ya seva inabaki ikidai mhuri usiokuwepo.

"Pak," Tigor alipaza sauti kutoka mezani kwake, "nimetoa kulabu moja, natukanwa mara mia mbili na kumi na nne."

"Inarekebishika?"

"Inarekebishika sana."

"Kwa muda gani?"

Tigor akanywa chai yake mpaka barafu. "Miezi minne. Mitatu kama mke wangu hatanikumbuka." Pak Darsono akaitazama kalenda, akaona Alhamisi iko karibu mno, akamwambia airudishe kulabu mahali pake.

Palupi alijua kwamba fundi kama Tigor angeimaliza kazi ile kwa siku mbili. Alimtazama, naye Tigor akamtazama kwa uso mkavu wa mtu anayesubiri basi.

"Ninyi Wajawa bwana," alimnong'oneza baadaye kwenye ngazi. "Mimi nilidhani hilo neno hapana mlikatwa utotoni. Umelitoa wapi?"

"Jikoni," Palupi alisema.

Alhamisi wakaenda idarani, kila mtu na batiki yake. Meza zilipangwa maboksi ya vitafunio, wali wa nazi uliofungwa kwenye majani na keki ya kijani, na hotuba zikasomwa na watu watatu waliosema jambo lile lile. Palupi alikuwa ametayarisha faili la mgonjwa wa kubuni kwa ajili ya maonyesho, ingawa faili za wagonjwa wa kweli zilikuwa zimeshahamishiwa humo. Mwisho akaitwa Pak Hardiyanto, mkuu wa idara, afungue mfumo mpya mbele ya wageni. Akaketi kwenye kompyuta, picha ikatokea kubwa ukutani, akaandika kama alivyozoea: makao makuu.

Ukuta ukaandika kwa rangi nyekundu: ombi limekataliwa, taja jina lako na namba yako.

Watu wakatazama viatu vyao. Pak Darsono akacheka kicheko cha mtu aliyekalia sindano. "Mbak Palupi, mfungulie Pak Mkuu."

"Aandike jina, Pak," Palupi alisema. "Mimi mwenyewe asubuhi niliandika langu."

"Mbak!"

"Hakuna njia nyingine ya kuingia. Sikuijenga, na sitaijenga."

Neno lilikuwa limeshatoka, na ajabu ni kwamba dari haikuanguka. Pak Darsono alimsogelea sikioni akamwambia kwamba amemtilia kitumbua chake mchanga, na kwamba kesho asisumbuke kuja. Palupi akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka pale alipokuwa amesimama.

Pak Hardiyanto hakutaka kuonekana anashindwa na kompyuta mbele za watu. Akaandika jina lake lote pamoja na shahada zake, na namba ya simu. "Haya, tufungue la nani? Hili la mfano halina ladha. Tumfungue yule muuza tempe wa kifua kikuu, si anajulikana?"

Watu wawili watatu wakacheka. Palupi akaisogelea kompyuta.

"Pak, ukilifungua hilo, mwenyewe atajulishwa. Sasa hivi."

"Ajulishwe, atafurahi kukumbukwa." Sababu ilipoulizwa akaandika: kuangalia tu. Faili likafunguka ukutani, naye akaanza kusoma kwa sauti ya hotuba. "Sumirah, umri miaka hamsini na nane, makohozi yamekutwa na vijidudu..."

Simu ikalia mfukoni mwake. Namba hakuijua. Akaipokea kwa mazoea, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya na mpigaji alizoea kushindana na kelele za soko, kila aliyekuwepo alisikia.

"Pak Hardiyanto? Mimi Sumirah, muuza tempe. Simu yangu inasema umesoma faili langu, sababu kuangalia tu. Umeona nini, Pak?"

"Aa, Bu... ni majaribio tu, Bu. Samahani."

"Hapana, usikate. Nasikia uko na watu. Umefika wapi?"

"Ukurasa wa kwanza, Bu."

"Basi usiishie hapo, wote huwa wanaishia hapo. Shuka mpaka mwisho. Pana barua ya daktari. Wasomee."

Pak Hardiyanto alimtazama Pak Darsono, na Pak Darsono alikuwa anatazama boksi lake la vitafunio. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Akashuka mpaka ukurasa wa mwisho, herufi zikapita ukutani, akakohoa kidogo.

"Mgonjwa amemaliza dawa zote. Vipimo ni safi. Amepona."

Palupi alisikia jani la mgomba likichanwa upande wa pili wa simu.

"Rudia, Pak," Bu Sumirah alisema. "Ile nyingine, ya kuugua, mliisema zaidi ya mara moja."

Pak Hardiyanto akarudia.