Goti la Chesang

Chesang alikuwa na goti bovu kwa miaka kumi na mitatu kabla pikapu haijamgonga. Aliliumiza alipoteleza na mtungi wa maziwa, na tangu hapo, kila mvua za Olenguruone zilipozidi, lilivimba. Alilichua kwa dawa, akaendelea kuchuchumaa chini ya ng'ombe wake watatu asubuhi na jioni.

Pikapu ilimgonga siku ya soko, ikirudi nyuma bila dereva kuangalia. Mfupa ulivunjika chini kidogo ya goti lile lile. Alifanyiwa upasuaji, akatembea na magongo miezi mitano. Alipoyaacha, hakuweza tena kuchuchumaa.

Shemeji yake Micah ndiye aliyempeleka Nakuru kwa wakili, mwanamke aliyeitwa Wawira. Wakiwa kwenye ngazi Micah alimnong'oneza, "Mambo ya zamani usiyataje. Bima wakijua goti lilikuwa gonjwa, watasema ulikuja nalo hivyo kutoka nyumbani."

Kwa hiyo Wawira alipomuuliza kama mguu ule ulikuwa na shida yoyote hapo awali, Chesang alisema hapana.

Kisha bima wakamtuma kwa daktari wao. Daktari alilikunja goti, akalinyoosha, akaitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu.

"Mama, mifupa hapa imelika. Hii si ya juzi. Ilianza lini?"

"Sijui," Chesang alisema, na akamwona anaandika.

Wiki hiyo hiyo alitoa sandukuni kitabu cha shule alichokuwa akiandikiwa matibabu ya goti kliniki, akakipeleka Nakuru bila kumwambia Micah. Wawira alikisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Ungenionyesha siku ya kwanza," alisema. "Kuwa na goti bovu hakumpi mtu ruhusa ya kukugonga. Wanatakiwa kulipa kile walichoongeza. Lakini wakikushika na uongo, hata hicho hutapata. Nani alikuwa anakuona ukifanya kazi?"

"Linah, jirani. Tulikuwa tunapeleka maziwa pamoja."

Kesi iliposikizwa, wakili wa bima alisimama na ripoti ya daktari mkononi.

"Mama, si goti hili lilikuwa linauma hata kabla ya ajali?"

"Lilikuwa linauma."

Wakili alikuwa amejiandaa kwa jibu lingine. Akafunua karatasi, akairudisha. "Kwa hiyo unakubali lilikuwa na ugonjwa?"

"Nakubali. Lilikuwa linauma na nilikuwa nakamua. Sasa linauma na sikamui."

Linah naye alieleza aliyoyaona, kwa kifupi, huku akiikaza leso yake.

Hakimu aliamua kwamba dereva alimgonga Chesang akiwa na goti alilokuwa nalo, na hangeweza kumlaumu kwa kutokuwa na lingine. Lakini alisema pia kwamba sehemu ya ulemavu ingekuja tu na umri, akapunguza fidia kwa robo.

"Ungenyamaza tungepata yote," Micah alisema walipotoka nje.

"Ningenyamaza, daktari angesema," Chesang akajibu.

Sehemu ya pesa hizo aliitumia kujenga jukwaa la mbao zizini, ng'ombe apande, yeye akamue akiwa ameketi kwenye kiti. Ng'ombe wa kwanza aligoma siku nne. Siku ya tano alipanda miguu ya mbele tu, akasimama hivyo, na Chesang akasogeza kiti.