Glasi ya Sita ya Godelieve

Kwa miaka kumi na tisa Godelieve aliosha vyombo vya maabara kwenye chuo kilicho jirani na hospitali kubwa ya Flemingsberg, kusini mwa Stockholm. Chupa, mirija, sahani ndogo za kioo, mamia kwa siku, zote zilipita mikononi mwake. Alipoanza kazi Kiswidi chake hakikutosha hata kuuliza choo kilipo, ila mikono yake ilijifunza upesi. Akikishika kioo tu alijua kama ni chembamba au kinene, kama kina ufa usioonekana, kama kitapasuka kikiguswa na maji ya moto.

Ndiyo maana siku alipoinua chombo cha maua katika duka la mitumba la kanisa huko Vårby gård, anakoishi, mikono ndiyo iliyoshtuka kwanza. Chombo kilikuwa kimefubaa kwa vumbi na ukoko wa maji ya zamani. Lakini kilikuwa kizito ajabu, na michongo yake ilikuwa na makali ya kukwaruza kidole. Kioo kilichomiminwa kwenye kalibu hakiwi na makali ya namna ile. Hiki kilichongwa na mtu. Alikinunua kwa bei ya kahawa na keki, akakiloweka siku mbili katika maji vuguvugu na siki, akakisugua kwa mswaki laini. Kilipokauka akakiweka dirishani. Jua likapita ndani yake na kutawanya rangi ukuta mzima.

Mumewe, Egide, aliacha kula. "Umekitoa wapi hiki?"

"Kilikuwa katikati ya masufuria," alisema Godelieve. "Hakuna aliyekitazama."

Swali la kilikotoka hasa lilimchukua miezi. Maktaba ilimwagizia kitabu chenye picha, naye akakisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja mmoja. Kumbe kilichongwa Amerika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, enzi ambazo matajiri wa kule walishindana kwa kioo mezani. Mafundi walikikandamiza kioo kwenye gurudumu la jiwe linalozunguka, wakachora nyota juu ya nyota mpaka isibaki sehemu tupu. Baadhi ya vyombo hivyo vilifika Uswidi pamoja na Waswidi waliokwenda Amerika kutafuta maisha, wakarudi uzeeni na mali yao imefungwa ndani ya mablanketi. Habari hiyo ilimgusa Godelieve. Yeye alitoka Burundi, akakaa kambini Tanzania miaka sita, akafika Stockholm na begi moja. Aliwaelewa watu wanaobeba kitu cha kuvunjika kutoka nchi hadi nchi.

Miaka kumi baadaye alikuwa na vyombo vya maua saba na glasi tano za divai, zile za mguu mrefu, zote za mchongo mmoja. Seti kamili ni sita. Ile ya sita aliitafuta kwa miaka minne, kwenye minada na kwenye masoko ya mitumba ya Jumapili. Mwezi wa nane mwaka jana akaiona kwenye mtandao, kwa muuzaji wa mji mwingine. Ilipofika aliiosha, akaiweka pamoja na zile tano, akasimama mbele ya kabati mikono kiunoni. Egide akamtania kwamba hata siku ya harusi hakutabasamu hivyo.

Mwezi wa kumi chama cha wakusanyaji wa kioo cha kale cha Stockholm kilifanya maonyesho yake ya mwaka. Godelieve alikuwa mwanachama, Mwafrika pekee kati ya watu arobaini, na kwa mara ya kwanza mwenyekiti, mwanamke mmoja aitwaye Ella, alimpa meza yake mwenyewe. Binti wa Godelieve, Diane, mwanafunzi anayefanya kazi dukani Kista mwisho wa juma, aliomba ruhusa aje kumtafsiria. Kwa kweli Diane alikuja kwa wajibu tu. Tangu utotoni aliviita vitu vile "vioo vya mabibi".

Kabla ya saa sita akafika Isak, muuza vitu vya kale anayeheshimiwa na kila mtu pale. Akainua chombo kirefu cha maua bila kuomba, akakigeuza, akakigonga kwa kucha, kisha akamgeukia Diane.

"Mwambie mama yako ni kizuri," alisema. "Lakini si cha kale. Ni kisafi mno. Siku hizi vinatengenezwa vya kuiga, tena kwa ustadi. Asijisikie vibaya, wengi wanadanganyika."

Diane alifungua mdomo kutafsiri. Godelieve akamshika mkono.

"Sema na mimi," alimwambia Isak kwa Kiswidi. "Kioo ni changu. Nacho ni kisafi kwa sababu nakiosha. Kuosha kioo ndiyo kazi yangu."

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Godelieve akatoa mkobani taa ndogo ya urujuanimno, mwanga ule wa zambarau unaotumika maabara. "Kioo cha Amerika cha wakati ule kinawaka manjano yenye kijani chini ya taa hii. Cha kuiga hakiwaki hivyo. Unajua?"

"Najua," alisema Isak. "Ila humu ndani kuna mwanga mwingi, hatutaona kitu."

"Ella, niazime koti lako."

Koti la Ella lilikuwa jeusi, refu, la baridi kali. Godelieve alilitandaza juu ya kichwa chake na cha Isak, wakainama wawili juu ya meza kama watu wanaojifukiza kwa mafua. Diane alitamani kujificha. Kisha sauti ya Isak ikasikika kutoka chini ya koti: "Aisee. Kinawaka."

Akatoka nywele zikiwa zimesimama, uso mwekundu. Hakujificha nyuma ya maneno. "Nimekosea," aliwaambia waliokuwepo. "Ni cha kale, na ni miongoni mwa vizuri nilivyowahi kushika. Samahani, Godelieve. Nilipaswa kukuuliza wewe."

Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema kwa shangwe, "Na glasi je? Tuzione na glasi!"

Godelieve akazivuta, na safari hii akamwita Diane chini ya koti amshikie taa. Ya kwanza ikawaka, manjano laini kama maji ya ndimu. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Diane, ambaye hajawahi kuona jambo lile, alisahau aibu yake. "Mama, ni nzuri sana," alinong'ona, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani hujibu Kiswidi siku zote.

Ya sita haikuwaka. Ilikaa pale chini ya mwanga, zambarau hafifu, kama glasi yoyote ya dukani.

"Nimeiona," alisema Godelieve kabla binti hajasema kitu.

"Mama, hakuna mwingine aliyeona. Tuitoe na zingine, tuseme zimewaka zote. Nani atajua?"

Godelieve aliigeuza glasi chini ya mwanga. Taa ile alikuwa nayo kwenye droo ya jikoni tangu zamani. Kila kitu alichonunua alikipima siku hiyohiyo. Hii aliiosha, akapuuza vidole vyake vilivyosita kwenye kingo, akaifuta, akaipanga, na kila alipoikumbuka taa alipata shughuli nyingine ya kufanya.

"Niliogopa kuipima," alisema kwa sauti ya chini. "Niliitaka mno, mwanangu."

Akalifunua koti, akasimama wima na glasi mkononi.

"Tano ni za kale," alisema kwa Kiswidi, polepole, ili neno lolote lisipotee. "Hii ya sita ni ya kuiga. Niliinunua bila kuipima. Kosa ni langu."

Ella alimsogelea. "Si lazima ikae mezani. Tunaweza kuiondoa."

"Hapana. Ikae. Wengine wajifunze."

Alimwomba Diane aandike kadi ya kuweka mbele ya glasi hiyo: ni nakala ya kioo cha kuchongwa, mgeni aguse alinganishe. Diane akaandika, mama akachungulia. "Hilo neno silo. Hapo umesema kusugua. Kuchonga kioo kuna neno lake." Akamtajia neno la Kiswidi, herufi kwa herufi.

Diane alimtazama, akaanza kucheka. "Mama, mimi nimezaliwa hapa, na hilo neno silijui!"

"Basi leo umelijua. Andika vizuri."

Mchana wote ule meza iliyokuwa na foleni ilikuwa ya Godelieve. Watu walifumba macho, naye akawapa glasi mbili, moja kila mkono. Aliwaambia wasikilize kwa ncha za vidole. Kwenye glasi ya kale kingo ni kali, kila mstari una mwanzo na mwisho. Kwenye ya kuiga kingo zimelainika kama sabuni iliyotumika. Isak alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikosea tena, na Godelieve akamwambia, "Umefikiria sana. Gusa tu." Isak akajicheka mwenyewe, akajaribu upya, akapatia.

Diane hakutafsiri neno hata moja. Alisimama pembeni, na kila aliyeuliza nani anasimamia meza hii, alijibu kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Ni mama yangu."

Jioni walipokuwa wakifunga vyombo kwenye taulo, Ella alikuja na daftari lake. Alitaka Godelieve afundishe darasa moja majira ya kuchipua, namna ya kukitambua kioo kwa mikono. Chama kingemtafutia mkalimani, alisema, kama angependa.

"Darasa nitafundisha," alisema Godelieve. "Mkalimani sihitaji. Wasioelewa watauliza."

Ella akaandika jina lake, akamwomba alikague kama limeandikwa sawasawa. Godelieve akalisoma herufi zote, akamrudishia kalamu, akainua kisanduku kizito mwenyewe.