Mkeka Uliofungwa Kabla

Mimi si mwoga, na anayesema Amisa ni mwoga aje aseme mbele yangu. Lakini nitasimulia kilichotokea, maana mtaa mzima unasimulia na unakosea.

Mtaa wetu wa mafundi, hapa Kasongo, ni wa zamani kuliko ofisi na gereza la Wabelgiji. Babu zetu walijifunza kazi kwa watu wa misafara. Sumaili anachonga milango, jirani yake anafua majembe, nami nasuka mikeka kama alivyosuka marehemu mama yangu, Hawa. Mkeka wa maiti una sheria yake. Unakaa ukutani ukiwa nusu, upande wa miguu wazi. Mtu akifa, ndipo naongeza vipande vya ukili, ule utepe wa majani uliosukwa, hadi kimo chake, kisha nafunga pindo. Ukiufunga kabla, umeita kifo, na anayeitika ni yule anayeenea humo.

Mwaka ule Bwana Mkubwa wa teritware, Mbelgiji anayetawala wilaya yetu, alitangaza kwamba wageni watakuja kutazama mtaa. Tukapakwa chokaa sisi, nyumba zetu na hata mashina ya mipapai. Asubuhi ya siku yenyewe nikaukuta ule mkeka wa ukutani umefungwa. Pindo liligeuzwa kushoto. Mtaani kote aliyegeuza kushoto alikuwa mama yangu tu, na tulikuwa tumemzika miaka miwili nyuma.

Nikamwita Sumaili. Alisimama mbali, mikono nyuma.

“Mama Faida, ni wewe ulifunga?”

“Miye niko na wazimu, mzee?”

“Iko mufupi,” akasema polepole. “Mutoto wako iko na miaka ngapi sasa?”

Faida, mtoto wangu wa pekee, alikuwa kizingitini anatafuna muwa. Miaka sita. Kimo chake nilikijua bila kupima.

Nikafumua pindo lote kwa kisu, nikaenda kisimani. Niliporudi lilikuwa limefungwa tena, kushoto vilevile, na chane za majani zilikuwa bado na maji, kama zinavyokuwa zikitoka mkononi mwa msukaji. Ilikuwa saa nne, jua kali, mtaa umejaa watu, na hakuna aliyeona mtu akiingia kwangu. Nikapandwa na hasira, nikauambia ukuta: “Mama, kama ni wewe, una roho gani?”

Wageni walifika adhuhuri: Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba kutoka Kabambare, mke wake na binti yao mdogo. Mpishi wao, Jean-Marie, ndiye aliyetafsiri. Walituangalia kama wanavyoangaliwa nyani. Mke akaupenda mkeka, akautandika chini, na yule mtoto akajilaza juu yake akicheka. Visigino vikagusa pindo la chini, utosi ukagusa la juu.

“Madame anauliza bei,” Jean-Marie akasema.

Nilipaswa kusema hauuzwi. Sumaili alinitazama, akatikisa kichwa.

“Achukue tu,” nikasema. “Ni zawadi.”

Gari likaondoka, mtoto ameupakata mkeka, nami nikamshukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru. Ninyi mnaojiona wema, zaeni mmoja tu kwanza, kisha mnihukumu.

Wiki ya tatu Jean-Marie alikuja kwa baiskeli, mkeka umefungwa nyuma.

“Mutoto alikufa, mama. Homa. Siku mbili tu.”

Nikakaa chini, nikalia. Machozi hayakuwa ya uongo, lakini katikati ya kilio nilijisikia napumua vizuri. Yamekwisha, nikawaza.

“Sasa mbona unaurudisha?”

“Wazungu wanazika ndani ya sanduku. Mukeka haikufanya kazi. Madame hataki kuiona tena, alisema irudi kwa mwenyewe.”

Akaukunjua kizingitini. Ulikuwa safi na mkavu, pindo limegeuzwa kushoto. Hakuna maiti aliyelala juu yake; wito wake ulikuwa bado. Faida akaja mbio kumwona mgeni, nikamdaka kabla mguu wake haujaugusa.

Nilimpeleka kwa mke wa Sumaili, nikatoa ukili wangu wote. Nikafumua upande wa miguu, nikaongeza kipande, kingine, na kingine. Sumaili akasimama mlangoni.

“Nani amekufa, Mama Faida?”

Nilijilaza kupima, nikaona vimebaki vidole viwili, nikaongeza kipande cha mwisho. Kisha nikafunga pindo, na mkono wangu, ambao tangu utoto hugeuza kulia, ukageuza kushoto wenyewe. Sikuuzuia. Nikautundika ukutani, nikaanza kusubiri.

Miaka saba imepita sasa. Wanaume wanabishana sokoni juu ya uhuru, na mkeka bado uko pale pale. Faida ameota kama mhindi wa masika, kila mtu anamsifu. Juzi nilimsimamisha mlangoni nikampima: amebakiza vidole vinne anifikie mimi, na mkeka. Nami, Mungu anisamehe, tangu siku ile sijapata hata mafua.